Kobalti Yachimbwa kwa Kiswahili, Mbona Haielezwi kwa Kiswahili?

Kila mwaka Usiku wa Kiswahili wa chama chetu una mpangilio uleule. Kuna pilau na maandazi, kuna taarab, kuna mashairi, kuna maonyesho ya kanga na vitenge. Kisha zinafuata hotuba fupi za wanachama kuhusu masomo yao, na hapo lugha inabadilika. Anayezungumzia harusi za pwani huzungumza Kiswahili. Anayezungumzia betri, chanjo au sumaku husimama, hutusalimu kwa Kiswahili, halafu huomba ruhusa ya kuendelea kwa Kiingereza "ili tuelewane". Hakuna anayeshtuka. Sisi tunaoandika makala haya tunaona desturi hiyo haifai, na tunaomba chama kiiache kuanzia mwaka huu.

Tujitambulishe kwanza. Sisi ni wanachama wanne. Wazazi wetu wametoka Mombasa, Unguja, Bukavu na Lubumbashi, na sisi wote tumekulia hapa Marekani. Wawili wetu wanasoma fizikia, mmoja uhandisi, mmoja uuguzi. Kiswahili chetu ni cha jikoni, cha msibani na cha simu za Jumapili. Ngeli bado zinatutoa jasho, na walimu wetu ni mashahidi. Kwa hiyo hatuandiki kama wataalamu wa lugha. Tunaandika kama watu ambao lugha yao ya nyumbani husimama mlangoni mwa maabara na kukataa kuingia, nasi tumechoka kuiacha nje.

Ili tusitoe hoja tupu, tumechagua mfano mmoja mgumu: namna wanasayansi wanavyochunguza sumaku zilizobanwa kwa nguvu kubwa mno, kwa kutumia eksirei za sinkrotroni. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, moja ya sehemu kubwa duniani zinazofanya kazi hii ni jirani yetu, maabara ya Argonne, kilomita 40 hivi kusini-magharibi ya Chicago. Pili, mojawapo ya metali zinazohusika hutoka kwa wingi katika ardhi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Tutafika huko. Tusomeni hadi mwisho, kisha mtuambie kama hatukuelewana.

Kanieneo si presha ya mama

Nyumbani tulizoea kusema presha. Lakini presha kwa mama zetu ni ugonjwa. Mmoja wetu alipomweleza mama yake kwamba muhula huu anasoma presha, aliulizwa kama amekwenda kupima na daktari amesemaje. Vitabu vya fizikia vya Tanzania vina neno jingine: kanieneo. Lipasue katikati utaona kani na eneo. Kani ni nguvu ya kusukuma au kuvuta. Eneo ni ukubwa wa mahali nguvu hiyo inapoangukia. Gawanya kani kwa eneo, umepata kanieneo. Mwanafunzi wa Kiingereza hukariri fomula kando ya neno, ila sisi tumepewa fomula ndani ya neno.

Ndiyo maana kisu kikali hukata nyanya na kisu butu huiponda. Mkono ni uleule, kani ni ileile, ila makali yana eneo dogo. Wanasayansi wametumia wazo hilo hilo hadi mwisho wake. Huchukua almasi mbili zilizochongwa ncha bapa na kuzielekeza ncha kwa ncha. Katikati huweka kipande chembamba cha metali chenye tundu dogo, ambacho fundi yeyote wa magari angekiita gasketi bila kusita. Ndani ya tundu hilo huingizwa sampuli, chembe ya chuma kwa mfano, ndogo kiasi kwamba huwekwa kwa sindano chini ya hadubini. Kisha skrubu hukazwa taratibu.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Ncha ya almasi yenye kipenyo cha milimita 0.3 ina eneo la milimita za mraba 0.07 hivi. Mtu wa kilo 94 akisimama juu ya ncha hiyo peke yake, kanieneo chini yake ingekuwa gigapascal 13, yaani karibu mara 130,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Uzito wa mjomba mmoja tu aliyeshiba! Ukipunguza ncha na kuongeza kani, unaweza kuvuka gigapascal 100, hata 200. Kanieneo katika kitovu cha dunia ni kama gigapascal 360. Kifaa kinachofanya haya yote hutoshea kiganjani.

Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1958 katika maabara ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo na viwango. Almasi ni ghali, na watafiti wa serikali hawakuwa na fedha za kuziponda hovyo. Walifaidika kwa kuwa serikali ilikuwa na almasi zilizonaswa kutoka kwa wafanya magendo. Kwa nini almasi? Kwanza ni ngumu kuliko vitu vingine vyote tuvijuavyo katika maisha ya kawaida. Pili, na hili ndilo muhimu kwa hadithi yetu, almasi hupitisha mwanga na hupitisha eksirei zenye nishati ya kutosha. Unaweza kubana kitu na bado ukakitazama.

Lakini utajuaje kanieneo imefika wapi? Huwezi kuingiza geji ndani ya tundu lisilozidi upana wa unywele mmoja au miwili. Tangu mwaka 1972 watafiti wamekuwa wakiweka punje ya yakuti pembeni ya sampuli na kuimulika kwa leza. Yakuti hutoa mwanga mwekundu, na wekundu huo husogea kidogo kadiri kanieneo inavyopanda. Unasoma rangi, unapata kanieneo.

Sumaku zinazotengeneza mwanga wa kutazamia sumaku

Sasa tuseme sampuli imebanwa. Je, bado ni sumaku? Swali linaonekana jepesi mpaka ujaribu kulijibu. Sampuli ni chembe iliyofungiwa kati ya almasi mbili, ndani ya chuma. Huwezi kuisogezea msumari uone kama utanasa. Eksirei za hospitali nazo hazisaidii. Ni hafifu, na zimetawanyika mno kwa shabaha ndogo kama hiyo.

Hapa ndipo sinkrotroni inapoingia. Ni pete kubwa ya mabomba yaliyotolewa hewa hadi kubaki ombwe. Ile ya Argonne ina mzingo wa mita 1,104. Ndani yake elektroni hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Elektroni zenye kasi hiyo zikikunjwa njia, hutoa eksirei kali zinazochomoka mbele yake kama taa za gari kwenye kona. Na kitu kinachozikunja njia ni sumaku. Mnaona? Sumaku kubwa hutengeneza mwanga ambao kwao tunazitazama sumaku ndogo. Pete hiyo ilizimwa mwezi Aprili 2023 ili sumaku zake zibadilishwe zote, ikarudi kazini mwaka 2024, na sasa miali yake inaweza kung'aa hadi mara 500 kuliko ya zamani.

Miali hiyo ina sifa mbili zinazotufaa. Ya kwanza ni kwamba nishati yake inaweza kuchaguliwa kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayezungusha redio kutafuta stesheni. Kila elementi ina stesheni yake. Chuma huanza kufyonza eksirei kwa nguvu kwenye elektronivolti 7,112, kobalti kwenye 7,709, nikeli kwenye 8,333. Kwa hiyo ndani ya mchanganyiko wa metali tatu unaweza kuiuliza kobalti peke yake inaendeleaje, na chuma kikakaa kimya.

Sifa ya pili ni kwamba miali inaweza kufanywa ijisokote kulia au kushoto, kama nyuzi za skrubu za aina mbili. Kitu kisicho na usumaku hufyonza miali ya aina zote mbili sawasawa. Sumaku hufyonza moja zaidi ya nyingine. Kwa chuma, kwenye nishati tuliyoitaja, tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja katika mia, ndiyo maana panahitajika mwali mkali na mtulivu. Watafiti hupima kulia, hupima kushoto, hutoa. Kama kuna baki, usumaku upo. Baki ikifika sifuri, usumaku umekwenda.

Chuma husalimu amri, nikeli hukataa

Metali za kawaida ambazo ni sumaku katika joto la chumbani ni tatu: chuma, kobalti na nikeli. Mtu angedhani zikibanwa zitaacha usumaku kwa pamoja. Sivyo.

Chuma husalimu amri mapema. Tangu mwaka 1956, kutokana na majaribio ya milipuko, ilijulikana kwamba kwenye gigapascal 13 hivi atomu za chuma hujipanga upya. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi katika sinkrotroni ya Grenoble, Ufaransa, walichapisha vipimo vilivyofuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja: mpangilio wa atomu na usumaku. Waliona usumaku ukianza kupotea kidogo kabla ya mpangilio kubadilika. Maana yake ni kwamba huenda kupotea kwa usumaku ndiko kunakosukuma atomu zihame, wala si kinyume chake. Wataalamu bado wanalijadili jambo hilo. Tena chuma kilichobanwa kina mshangao mwingine. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kati ya gigapascal 15 na 30, kikipozwa chini ya nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri, chuma hupitisha umeme bila ukinzani wowote.

Kobalti ni sugu zaidi. Usumaku wake hautoki mpaka kanieneo ipite gigapascal 100. Nikeli nayo imebanwa hadi gigapascal 200, kanieneo inayopita nusu ya ile ya kitovu cha dunia, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba bado ilikuwa sumaku.

Kwa nini usumaku hupotea? Fikirini nyumba ya ghorofa. Kila elektroni ina kitu kinachoitwa spini, na kwa picha rahisi tuseme ni mshale unaoelekea juu au chini. Sheria ya nyumba ni hii: chumba kimoja huchukua elektroni mbili tu, na lazima mishale yao ipingane. Elektroni zikitaka zote kuelekeza mishale upande mmoja, ambako ndiko kuwa sumaku, kila moja itahitaji chumba chake, na baadhi zitalazimika kupanda ghorofa za juu. Kupanda kuna gharama, lakini kuelekea pamoja kuna tuzo. Katika chuma cha kawaida tuzo inashinda. Ukikibana, atomu hukaribiana, na ni kana kwamba ngazi kati ya ghorofa na ghorofa zimekuwa ndefu. Gharama inapanda kuliko tuzo. Elektroni zinashuka, zinakaa wawili wawili, mishale inafutana. Usumaku umekwisha.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ukitaka kubadilisha sumaku kwa kuchanganya metali nyingine, umebadilisha mambo kumi kwa mara moja na hujui lipi limefanya nini. Ukiibana, umebadilisha umbali tu kati ya atomu. Nadharia ikitabiri sawasawa chuma, kobalti na nikeli zitafanya nini zikibanwa, tunaweza kuiamini zaidi inapotuambia ni mchanganyiko gani utatoa sumaku nzuri bila kutegemea madini ya shida. Hakuna atakayetengeneza injini kwa almasi mbili. Lakini injini ya gari la umeme, jenereta ya upepo na spika ya simu yako zote zina sumaku ambayo lazima mtu aielewe.

Kolwezi

Sasa tufike kwenye sababu ya pili. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba. Lugha ya mtaani Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni Kiswahili. Si Kiswahili cha kamusi ya Dar es Salaam, na mwenzetu wa Lubumbashi hutukumbusha hilo kila tunapomsahihisha, lakini ni Kiswahili. Wachimbaji wanashuka shimoni kwa Kiswahili. Bei inapatanwa kwa Kiswahili. Mtoto anaitwa, mgonjwa anabebwa, marehemu anazikwa kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kobalti hiyo huenda kwenye betri, na sehemu nyingine huingia kwenye sumaku zinazovumilia joto kali. Hatua zote za kuitoa ardhini zina maneno. Hatua ya kueleza ni kitu gani, na kwa nini dunia nzima inakitaka, ndipo maneno yanapokatika na Kiingereza au Kifaransa kuchukua usukani.

Na si Kongo tu. Kilima cha Ngualla mkoani Songwe, Tanzania, kina madini ya neodimi na praseodimi, ambayo ndiyo roho ya sumaku kali za kisasa. Mrima Hill katika kaunti ya Kwale, Kenya, ina madini ya jamii hiyo. Watu wa huko wataulizwa kuhusu ardhi yao, na wengine wameshaulizwa. Mtu anayeulizwa kuhusu kitu asichoelezwa hajaulizwa.

Hatujidai kwamba hotuba ya dakika kumi katika ukumbi wa chuo chetu itamsaidia mchimbaji wa Kolwezi kesho asubuhi. Tunasema jambo dogo zaidi. Sisi tuna bahati ya kusoma jirani na pete ya mita 1,104, na tuna lugha ya watu ambao madini yao yanapimwa katika pete kama hiyo. Ni wachache sana wenye vyote viwili. Kama sisi hatuwezi kuunganisha hayo mawili hata mbele ya marafiki zetu, juu ya sahani ya pilau, nani ataanza?

Hoja tunazosikia

Hoja ya kwanza ni kwamba maneno hayatoshi. Rudini juu mkahesabu. Kani, eneo, kanieneo, ombwe, hadubini, ukinzani, sampuli, yakuti, kipenyo, mzingo: yote hatukuyabuni. Yapo kwenye kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla hatujazaliwa. Tulipokosa neno tulikopa: atomu, elektroni, leza, spini, sinkrotroni. Kiingereza nacho kilikopa atomu na elektroni kutoka Kigiriki, na hakuna anayekicheka.

Hoja ya pili ni kwamba sayansi ni ya Kiingereza, basi. Ni kweli kwamba ripoti zetu za maabara zitaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na hatuombi vinginevyo. Ila kuchapisha na kueleza ni kazi mbili. Tulipokuwa tunaandaa makala haya, neno spini lilitusimamisha siku tatu. Kwa Kiingereza tulikuwa tunalipita tu, kwa kuwa kila mtu darasani analipita. Kwa Kiswahili tulilazimika kuulizana: je, elektroni inazunguka kweli kama pia? Haizunguki. Basi ni nini? Tulikwenda kumwona profesa wetu ofisini, na tulitoka tukiwa tumejifunza fizikia zaidi ya tuliyokuwa nayo tulipoingia. Lugha ya nyumbani ilituzuia kupita bila kuelewa.

Hoja ya tatu hutoka kwa baadhi ya walimu wetu, na tunaijibu kwa heshima. Wanasema tukamilishe ngeli kwanza, ndipo tuende kwenye mambo magumu. Shikamooni walimu. Tunaona ngeli hukaa kichwani pale mtu anapokuwa na jambo analotaka kulisema. Mwali huu, miali hii. Usumaku unapotea, sumaku zinapotea: tumezisema sentensi hizo mara nyingi wiki hizi kuliko tulivyowahi kuzisema katika mazoezi, kwa sababu tulizihitaji. Tusahihisheni tukikosea, lakini msituambie tusubiri.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Hata Tanzania kwenyewe, mwanafunzi akitoka shule ya msingi na kuingia sekondari, masomo ya sayansi hugeuka Kiingereza. Sisi wa Illinois ni nani wa kudai zaidi? Hatudai sera ya nchi ya mtu. Tunachosema ni kwamba sisi hatuna mtihani wa taifa unaotubana, hatuna mkaguzi, na hatuna cha kupoteza isipokuwa aibu kidogo. Palipo na uhuru kama huo ndipo pa kujaribia.

Tena kuna mjadala unaokuja, na utahitaji maneno. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu ambalo halina sinkrotroni hata moja. Mwezi Novemba 2015 wanasayansi walikutana Grenoble katika mkutano wa kwanza wa kupanga sinkrotroni ya Afrika, na juhudi hizo zinaendelea. Mashariki ya Kati walifungua ya kwao nchini Jordan mwaka 2017, ikichangiwa na nchi ambazo baadhi yake hata hazisalimiani. Siku Afrika itakapoamua ijengwe wapi na nani alipe, mjadala hautabaki kwenye makongamano. Utafika bungeni Dodoma, utafika redioni, utafika kwenye daladala. Mwananchi atauliza: hiyo pete ya mabilioni ni ya nini? Anastahili jibu katika lugha aliyoulizia.

Tunapendekeza nini

Mapendekezo yetu ni matatu, na yote hayana gharama kubwa.

Kwanza, katika Usiku wa Kiswahili wa mwaka huu hotuba zote ziwe kwa Kiswahili, pamoja na za sayansi. Mzungumzaji apewe mwezi mzima wa kujiandaa na mwalimu mmoja wa kumsaidia. Asiyeelewa neno anyooshe mkono.

Pili, chama kifungue daftari la istilahi. Mwanachama akikutana na neno la somo lake, atafute kwanza kwenye kamusi, kisha awaulize walimu, kisha awaulize wazazi, kwa maana fundi wa gereji ya Mombasa ana maneno ambayo kamusi hayana. Akikosa kote, akope. Neno la Lubumbashi likae kando ya neno la Unguja bila kugombana.

Tatu, tunawaomba walimu waruhusu insha moja kwa muhula iwe juu ya somo analolisoma mwanafunzi nje ya darasa la Kiswahili: uuguzi, uhasibu, kompyuta, lolote.

Mzazi mmoja wa wetu amefanya zamu za usiku hospitalini kwa miaka mingi ili mwanawe asome. Akiulizwa msikitini mtoto anasoma nini, hujibu, "Mambo ya mashine." Si kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia zaidi ya hapo katika lugha anayoota nayo. Wiki iliyopita alisomewa sehemu ya makala haya kwa simu. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, hizo almasi hazipasuki? Hupasuka, mama, tena mara nyingi, na siku hiyo maabara huwa msibani. La pili lilitushinda: kama chuma kikibanwa huacha kuwa sumaku, je, kikiachiliwa hurudi? Tulikwenda kutafuta. Hurudi, ingawa si mahali palepale kilipoachia. Kinapofunguliwa, kanieneo lazima ishuke chini ya ile iliyokibadilisha ndipo usumaku urejee.

Hilo ni swali la mtu aliyeelewa. Profesa yeyote angefurahi kuulizwa hivyo.

Wenye maoni tofauti watuandikie katika toleo lijalo, nasi tutawasoma. Kuhusu Usiku wa Kiswahili, tumeshamwandikia katibu wa chama kuomba nafasi ya kwanza kwenye orodha. Tutazungumzia kobalti, na tutazungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho.